Aliyefungua Faili Siku ya Mazishi

Rotich alikuwa na ugonjwa mmoja: akiogopa, anachapisha karatasi. Tangu barua ya wakaguzi iingie Jumatatu, printa ya ofisi yake pale Kitale haikupata hata nafasi ya kupoa. Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo, watu kumi na mmoja tu, pamoja na tawi la Bungoma, na kazi yao ilikuwa kuingiza faili za kesi za jinai kwenye kompyuta: maelezo ya polisi, alama za vidole, majina ya mashahidi. Wakaguzi wangefika Alhamisi. Wakikuta mambo ovyo, mkataba unakwenda, na wote kumi na mmoja wanarudi nyumbani kupalilia mahindi ya wazazi wao.

Mzigo wa matayarisho alitwikwa Phelista. Si kwamba alijua sana kuliko wenzake. Ni kwamba hakujua kusema hapana. Akahesabu funguo za makabati, akatafuta vyeti vya polisi vya kila mfanyakazi, akamwambia kila mtu abadilishe nywila. Kisha Rotich akamwangushia rundo la fomu mezani.

"Hizi ni za mafunzo ya kutunza siri. Kila mtu asaini, na tarehe muandike ya Februari."

"Februari hatukufunzwa kitu, bosi."

"Si tulikuwa tufunzwe? Nia ilikuwepo. Usiniletee mambo mingi bana, saini."

Phelista akaziweka kando. Jumanne asubuhi akatoa kwenye kompyuta orodha ya nani alifungua faili gani na saa ngapi, akawa anaipitia kwa kidole. Kidole kikakwama kwenye Ijumaa ya tarehe kumi na tisa. Orodha ilisema kwamba Phelista, saa nne na dakika kumi, alifungua kesi ya mauaji ya Kimilili, ukurasa wa mashahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu, mjane aitwaye Edinah, mama wa watoto watatu. Korti ilikuwa imeamuru jina lake lifichwe hadi siku atakaposimama kizimbani.

Salaala! Ijumaa ile saa nne Phelista alikuwa Malakisi, amesimama kando ya kaburi la mama mkwe wake, amelia mpaka sauti imekauka.

Hakuhitaji mganga wa kumwagulia. Kwao mtu akifiwa, wenzake humshikia kazi, na kumshikia kazi ni kumshikia yote, hata nywila. Aliiandika kwenye kikaratasi akamwachia Wilkista wa tawi la Bungoma, kama unavyomwachia jirani ufunguo akulishie kuku. Na angemkatalia vipi Wilkista? Ndiye aliyemtafutia kazi ile, ndiye aliyemwita mwanangu tangu mama yake mzazi afariki, naye akamwita mayi, yaani mama.

Adhuhuri alikuwa Bungoma. Alimkuta Wilkista peke yake, anakula viazi vitamu na chai.

"Mayi, ulifungua faili ya Kimilili?"

Wilkista hakukana. "Nilifungua. Kaa kwanza ukule."

"Sikuli. Uliifungulia nini?"

"Mama ya yule kijana mwenye ameshtakiwa, tunasali na yeye. Alilia hapa mpaka nikaogopa ataanguka. Alitaka tu kujua ni nani alimuona kijana wake, aende na wazee, waongee, wasameheane. Damu haimalizwi na korti, Phelista. Jaji akishafunga kitabu yeye huenda kwao, na hawa watu watabaki kuchota maji mto mmoja."

"Ukampa jina?"

"Jina, na mahali anakaa. Sikumpa kitu ingine."

Kitu ingine! Kilibaki kipi? Hasira na huruma ziligombana ndani ya Phelista, na kilichomuuma zaidi ni kwamba mama huyu hakuwa na ubaya hata wa punje. Angekuwa na ubaya, ingekuwa rahisi.

"Nimebakisha mwaka mmoja nistaafu," Wilkista akasema, sauti imeshuka. "Ukisema, ni seli. Na wewe pia, maana paswadi ni yako. Nyamaza, mwanangu. Ni wazee wa kanisa hao, wataenda kwa amani."

Phelista alirudi Kitale. Jumatano nzima alipanga karatasi, akazipangua. Aliwaza kazi yake, akawaza seli, akawaza mumewe atawaambia nini watu. Aliwaza Wilkista akivuliwa kitambaa cha kichwa kituoni, akafunika uso kwa mikono pale pale mezani.

Alhamisi akafika mkaguzi mmoja tu. Aliitwa Wachira, mtu mkavu asiyetaka hata chai, na Rotich aliyekuwa ameagiza mandazi akabaki nayo. Wafanyakazi wote waliitwa, hata wa Bungoma. Wachira akawauliza mmoja mmoja: umewahi kumpa mtu nywila yako, au kutumia ya mwenzako?

"Hapana," akasema wa kwanza.

"Hapana," akasema Wilkista, macho yako sakafuni.

Zamu ikafika. Mficha uchi hazai, Phelista akajiambia, na ulimi ukafunguka. Akasema yote: kikaratasi, mazishi, faili, mama wa mshtakiwa, hata zile fomu za Februari. Rotich alikohoa kama aliyepaliwa. Wilkista hakulia, alimtazama tu Phelista, na kutazamwa vile kulikuwa kuzito kuliko matusi.

Wachira aliandika mpaka mwisho. "Umejua tangu lini?"

"Jumanne."

"Leo ni Alhamisi. Huyo shahidi ameambiwa na nani?"

Siku mbili nzima Phelista alikuwa amemwaza kila mtu, hata mume wake, hata bosi. Edinah hakumwaza hata mara moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Alipiga nambari iliyokuwa kwenye faili, na simu ikapokelewa haraka.

"Edinah? Naitwa Phelista, napiga kutoka Kitale, kwa ofisi ya faili za kesi. Kuna watu wanaweza kuja kwako..."

"Walikuja jana jioni," sauti ikasema, tulivu kupita kiasi. "Wazee wanne na mama mmoja. Walikaa vizuri, wakaomba. Wakasifu watoto wangu. Walikuwa wanawajua kwa majina, mmoja mmoja, na shule wanasomea."

"Dada, nisamehe. Tutaambia polisi sasa hivi, watakuja..."

"Usitume mtu hapa. Sikuona kitu siku ile, madam. Kulikuwa na giza. Futa jina langu kwa hiyo kompyuta yenu."