Sufi Masikioni

Bwana Matar hakuwa na nishani, hakuwa na kitambulisho cha jeshi, hakuwa na picha hata moja ya ujana wake, wala hakuwa na sikio la kushoto. Sikio lenyewe lilikuwapo, ila halikusikia kitu tangu mwaka arobaini na mbili, alipokuwa mpiga mzinga wa kutungulia ndege kule Mombasa. Hata ndege ya kujivunia hakuwa nayo, maana adui hakuja.

Mwaka tisini na tano, ukumbi mmoja wa Wembley, kule London alikohamia, ulifungua maonyesho ya miaka hamsini tangu vita viishe. Matar akavaa koti, akaenda na mjukuu wake Suad. Ukutani akajiona: yeye na wenzake watano juu ya magunia ya mchanga, vijana wabichi. Chini pameandikwa: "Wapagazi wakipumzika. Tazama maua waliyojipamba masikioni."

Akasoma mara mbili, na Kiingereza chake cha shule ya jioni alikiamini. Maua gani? Ile ilikuwa sufi, waliyoichomoa kwenye mito ya kulalia ili mzinga usiwapasue masikio wakati wa mazoezi, kwa kuwa vizibo vya jeshi walipewa maofisa peke yao. Mpagazi gani huziba masikio ili abebe gunia?

Vinod, mwenye duka la viungo chini ya nyumba yake, alipoelezwa alicheka. Akamwambia yaishe, kwani hata kunguru hakumwangusha.

"Mlinzi wako hapa dukani amekamata wezi wangapi?" Matar akamuuliza.

"Hajakamata hata mmoja, mzee."

"Mbona hujamfukuza?"

Vinod akarudi kupanga mitungi yake.

Jioni Suad akaketi kuwaandikia barua wale wa ukumbini. Alianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu, kisha akasema huenda pametokea kosa dogo. Matar akaichana. Suad akamwonya, kwa Kiingereza chake cha haraka, kwamba watamwona hana adabu.

"Adabu niliwapa pamoja na sikio, mjukuu wangu. Leo nataka majina yetu."

Akaandika kwa mkono wake. Akataja watu sita, kutoka kushoto kwenda kulia, na kazi ya kila mmoja: mpima masafa, mtega fyuzi za makombora, wapakiaji mzinga watatu, na yeye mwenyewe, mlenga shabaha. Watano walikwisha kufa. Asipowasemea yeye, watabaki wapagazi mpaka Kiyama. Akamaliza: "Ondoeni maneno yale. Nitakuja Ijumaa kutazama."

Kisha akafumua pembe ya mto alioletewa kutoka Unguja, akachomoa sufi kiasi cha kuziba sikio moja, akaitia ndani ya bahasha pamoja na barua. Akalamba gundi, akaigandamiza kwa kiganja, akashuka mwenyewe mpaka kwenye sanduku la posta na kuitumbukiza.