Jina Alilolikubali Mtoto

Katika mtaa mzima wa Katuba hakuna kiti kilichowahi kuheshimiwa kama kile cha plastiki kilichoko kwenye kona ya baa ya Désiré. Mguu wake mmoja umevunjika ukafungwa kwa waya, na kimezungushiwa kamba ili walevi wasikikalie bure. Ndicho kiti alichokuwa akikalia Chomba, jambazi aliyebandikwa jina la Sans-Frapper kwa sababu hakuwahi kugonga mlango wa mtu. Chomba aliuawa kwa risasi nje ya baa hiyo hiyo, na tangu siku hiyo Désiré hajui tena njaa. Watu wanatoka mjini, wanatoka Annexe, wafanyabiashara wanatoka hata Mokambo mpakani, waje kukalia kiti cha mwizi wapigwe picha. Ukutani kuna matundu ya risasi. Siku alipouawa yalikuwa machache. Siku hizi yameongezeka, na fundi wa milango wa jirani, mwenye keekee, anajua yaliongezekaje, ila amenyamaza zake.

Wakishamaliza kiti, wageni huvuka barabara kwenda kusimama mbele ya geti la Mama Musonda.

Hilo ndilo lililomkondesha mama huyu. Mumewe, Clément Nkandu, alikuwa fundi cherehani. Chomba na wenzake waliingia kwake kutafuta vitambaa vya harusi walivyosikia ameletewa kushona. Mzee akakataa, akasema vitambaa ni vya watu. Wakamuua pale pale, juu ya cherehani yake. Basi. Hakuna zaidi. Lakini mkisikiliza yanayosemwa pale getini, mtadhani ni mtu mwingine. Chomba, wanasema, hakuua mtu bure. Chomba aliwaibia matajiri akawapa maskini. Kwa hiyo huyu fundi lazima alikuwa na jambo. Mmoja anasema alificha dhahabu. Mwingine anasema alikuwa mchawi. Mama Musonda anafagia ua wake na maneno yote hayo yanampita masikioni. Zamani alikuwa akitoka na ufagio kuwafukuza. Wakawa wanampiga picha na ufagio wake. Akaacha.

Mpigaji wa picha hizo alikuwa David, mkwewe mwenyewe. Msimwone David kuwa mtu mbaya. Alitafuta kazi migodini akakosa, akatafuta mjini akakosa, na Désiré alikuwa anahitaji mtu mwenye simu nzuri. Tena David ndiye aliyesimama kwenye kilio cha mzee, mbele ya ukoo wote, akasema kwamba ingawa mtoto wa kwanza hupewa jina na upande wa baba, wa kwake na mkewe Exaucée, binti wa marehemu, akiwa wa kiume atakuwa majina wa Nkandu. Kule mtu akipewa jina lako anakuwa majina wako, na ni kama wewe mwenyewe: utamheshimu, utamtania, utamwita kwa cheo cha aliyekwenda. Mama Musonda aliishi kwa ahadi hiyo. Alichotaka duniani kilikuwa kidogo tu: kusikia mtu akiita Nkandu uani kwake, na mtu akiitika.

Mtoto akazaliwa, wa kiume. Kitovu kilipoanguka akatolewa nje, akaitwa Nkandu. Bibi yake alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikadondoka. "Bwana yangu amerudia," aliwaambia majirani, "tena anarudia bila meno!" Kwa muda wa siku chache alikuwa mwanamke mwenye furaha, na hata wageni wa getini hakuwasikia.

Kisha mtoto akaanza kulia.

Alilia asubuhi, akalia mchana, akajikunja tumbo na kulisukuma ziwa la mama yake. Walimpeleka kituo cha afya. Muuguzi akasema ni gesi tumboni, akawapa dawa ya matone, akawaambia wavumilie, itapita. Haikupita. Exaucée aliisha mwili, macho yakaingia ndani, na wanawake wa mtaa wakaanza kutazamana kwa namna ambayo Mama Musonda aliijua vizuri mno.

Aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyewafundisha. Mtaani pale, mtoto akilia bila kukoma, husemwa kwamba anakataa jina. Kuna mfu mwingine anayetaka kurudi kwa mtoto huyo, na itabidi majina yaitwe moja moja, mtoto akiwekwa kwenye ziwa kila mara, mpaka lifike jina ambalo atanyonya. Na mwenye kuita majina hayo, miaka yote, alikuwa Mama Musonda. Ni yeye aliyewanyang'anya akina bibi wa watu majina wao, akiwaambia kwa upole wasikasirike, mtoto amechagua mwenyewe. Sasa angesema nini? Kwamba ni gesi?

Alijaribu. Mama Chola, shangazi yake David, alipokuja kuuliza watamwitia mtoto majina lini, Mama Musonda alimkumbusha neno la muuguzi, akamsihi wangoje kidogo: "Mama, munganga alisema njo gaz tu. Tungoye kiloko."

Mama Chola akamtazama kwa huruma. "Eh, Mama Musonda. Mutoto wa Estelle pale, munganga alisemaka gaz. Weye ulisema nini?"

Jibu la kumpa alikuwa ameliziba kwa mdomo wake mwenyewe, zamani.

Walikusanyika Jumapili baada ya misa. Exaucée aliketi mkekani na mtoto mapajani, wanawake wakimzunguka. Mama Musonda alianza na Nkandu, akalirudia, akalibembeleza, na mtoto akalia mpaka akawa mwekundu. Akaingia kwenye wafu wa upande wake, kisha wafu wa upande wa David, wajomba, mababu, hata kaka aliyekufa mchanga. Mtoto alilia tu. Kelele ziliwavuta wageni kutoka baa, wakajaa getini na chupa mikononi. Ndipo kijana mmoja, mwenye miwani ya jua, akapaza sauti:

"Bamama! Mujaribu Chomba!"

Wakacheka. Uani, hata hivyo, hakucheka mtu. Mama Musonda alimtafuta David kwa macho, akamkuta amesimama wima, amesahau simu mkononi, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolitamani, siku zote za kusikia Chomba akisifiwa, bila kuthubutu kulisema.

"Na ye ni mufu," Mama Chola alisema taratibu. "Alikufia apa karibu. Na alisha kuingia mu hii nyumba."

"Hapana," alisema Mama Musonda.

"Mama, weye njo unasemaka kama mufu haulizake ruhusa."

"Nimesema hapana! Ule muntu aliua bwana yangu!"

Akamgeukia binti yake. Alijua Exaucée atakataa. Ni baba yake aliyeuawa. Lakini Exaucée hakuwa na nguvu hata ya kuinua kichwa. "Mama," alisema, "acha bajaribu. Mutoto atakufa. Mi siwezi tena."

Basi Mama Chola akaita, maana Mama Musonda mdomo ulikataa. "Chomba. Chomba, kama njo weye, kunywa maziwa." Exaucée akamwinua mtoto begani ili ambadilishe upande. Mtoto akajinyoosha, akacheua kwa sauti kubwa ya mtu mzima, maziwa yaliyoganda yakamtoka yakaangukia begani kwa mama yake. Kisha akatulia. Alipowekwa ziwani, akanyonya.

"Ni gaz!" Mama Musonda alipiga kelele. "Bamama, mulimuona, gaz ilitoka! Muite tena Nkandu, sasa, muite!" Lakini nani angemsikia? Vigelegele vilishapanda, geti lilishafunguka, watu walishajaa uani. Désiré mwenyewe alivuka barabara na kreti ya bia kichwani, akiimba. David alikuwa analia na kucheka, akimwambia kila mtu, "Mutoto wangu, munasikia? Mutoto wangu!" Alikuwa na furaha kweli, na hilo ndilo lililomuumiza mama mkwe wake kuliko yote, kwamba hapakuwa na uovu wa kumshikia shati.

Lilibaki jambo moja. Jina likishakubaliwa, bibi wa mtoto humpokea aliyerudi kwa maneno ambayo ni yale yale kwa kila mtoto. Asipopokelewa, hukasirika, akaondoka na mtoto. Mama Musonda alikuwa amewaambia hivyo wanawake wengi mno, na aibu ni kwamba aliamini. Hata sasa, baada ya kuiona ile gesi kwa macho yake, hakuwa na hakika ya kutosha kuweka maisha ya mtoto juu yake.

Exaucée alimwekea mtoto mikononi. Alikuwa wa moto, mzito, ameshiba. Alikuwa na masikio ya Clément. Simu zikainuliwa.

"Chomba," alisema Mama Musonda, "karibu kwa nyumba yako. Tulikuwa tunakungoya."

"Hatusikie, mama," mtu alisema kutoka getini. "Sema tena."

Akamtazama mtoto, ambaye alishaanza kusinzia, akasema tena, kwa sauti ya kuwatosha wote.