Siku Isiyo na Watu

Bi Dionisia alimdharau mkwewe kwa utulivu, kama mtu anayechambua mchele, punje moja moja. Hakumdharau kwa kuwa mtu wa Singida. Singida nako wanazaliwa watu. Alimdharau kwa sababu Agape alichukia watu.

Huyu Agape, afisa wa halmashauri aliyehamishiwa Nachingwea na kumwoa Rozalia, binti pekee wa Bi Dionisia, hakupenda mahali penye watu zaidi ya wawili, na mmoja wao awe yeye mwenyewe. Sokoni alituma mtu. Msibani alifika watu wameshatawanyika, akatoa pole kwa viti. Kanisani alikaa benchi la mwisho, akishapokea komunyo tu huyoo, kabla ya matangazo, eti awahi kulitoa gari kabla uwanja haujajaa. Bi Dionisia hakosi tangazo hata la mbuzi aliyepotea. Aliposikia gari lile likiunguruma nje alisonya kimoyomoyo, mbele ya altare, kila Jumapili ya Mungu.

Lakini mdharauliwa ndiye aliyekuwa na gari, na Bi Dionisia alikuwa na safari.

Safari yenyewe ilikuwa ya Kilwa Kisiwani, kwenye magofu. Masultani hawakumhusu, alichokifuata kule ni habari za marehemu mumewe, Teofili. Zamani, magofu yalipokuwa yakikarabatiwa, Teofili aliondoka kwao Marambo kwenda kutafuta kibarua cha kuchanganya chokaa. Asubuhi ya kuondoka waligombana, na Dionisia akamrushia sahani ya maua ya buluu, zawadi ya arusi yao. Ikapasukia ukutani. Teofili akainama, akaokota kigae kimoja, akakitia mfukoni, akaenda zake. Aliporudi na mifuko mitupu alisema kile kigae amekipachika kwenye jumba la wafalme, juu ya mlango, wagombane huko wao wenye nafasi.

Dionisia alicheka mpaka majirani wakatoka nje. "Mwongo mkubwa we! Hela umekula na wanawake wa pwani, mimi unaniletea hadithi ya kigae." Jina likashika. Watoto wa Marambo wakamwita Mzee Mwongo, naye akaitika, akazeeka nalo, akafa nalo.

Sasa macho ya Bi Dionisia yalikuwa yanamuaga. Daktari wa hospitali ya misheni alimwambia ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakina siku nyingi. Kilichobaki kilikuwa upenyo, sawa na kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa upenyo huo alitaka kuona jambo moja tu: kama mtu aliyemwita mwongo maisha yake yote alikuwa mkweli.

Agape alikubali kumpeleka. Hapo ndipo mateso yalipoanza, maana Agape hakupanga safari, alipanga kukwepa. Juni hapana, wanafunzi wamefunga shule. Agosti hapana, wazungu. Msimu wa korosho ndiyo kabisa. "Mkulima akishika hela ya korosho, hukai naye sehemu moja," alisema, akisahau anakula ugali wa nani. Desemba nayo hapana, watu wa Dar wamekuja kutuonyesha miwani. Mwaka mzima ukakatika hivyo, na upenyo ukazidi kuwa mwembamba.

"Mwambie baba," Bi Dionisia alimwambia Rozalia, mkwe mwenyewe akiwa amekaa palepale, kwa kuwa mama mkwe mwenye adabu hamjibu mkwewe uso kwa uso, "magofu hayo yalishaachwa na wenyewe. Yeye anataka aondoke nani tena?"

Hatimaye, mwaka huu, Kwaresima na Ramadhani zilipoanza kwa pamoja, Agape aliingia nyumbani anang'aa. Amepata! Waislamu wamefunga, Wakristo wamefunga, nani ana nguvu za kutalii? Tena katikati ya wiki. "Alhamisi ya wiki ya nne. Tutakuwa peke yetu, mama. Utasikia hata upepo."

"Alhamisi hiyo niko zamu wodini," Rozalia akasema. "Nani atamshika mama mkono?"

Kwao Bi Dionisia mkwe hamshiki mama mkwe. Hata salamu huitoa kwa mbali, amechuchumaa, macho chini. Agape alikuwa amefukuza watu wote katika siku yake, hadi mkono wa mwisho nao akaufukuza, na hakujua.

"Kuna fimbo," alisema. "Mimi nashika ncha hii, mama anashika ile."

Fimbo! Bi Dionisia alijiona anakokotwa ndani ya jumba la wafalme kama mbuzi wa mnadani. Alitaka kusema safari basi, afe na ujinga wake. Ndipo ile Alhamisi ikamgonga kichwani. Jumapili iliyopita, Rozalia akiwa kazini na Agape akiwa nje anageuza gari, katibu wa parokia alisimama akatangaza hija ya Kwaresima: akina mama wa Nachingwea na Ruangwa, mabasi mawili, kwenda Kilwa, kuona mahali ambapo paroko alisema Wareno walisimika msalaba. Viti vyote vilikuwa vimeshajaa. Siku, Alhamisi ya wiki ya nne.

"Mwambie baba," alisema taratibu, "siku aliyoichagua ni nzuri sana."

Kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini Agape hakuwa mtu wa kusikiliza vimya vya wenzake. Akaenda kupima upepo wa matairi. Bi Dionisia naye akaomba apigiwe simu kwa Rahel wa Narung'ombe, mwenyekiti wa akina mama, akamweleza habari ya kigae tangu sahani iliporuka.

Siku ikafika. Mama mkwe nyuma, mkwe mbele, katikati yao mto wa kiti na adabu. Walisimama Ruangwa kunywa chai. Hawajamaliza vikombe, mabasi mawili yakapita yakitimua vumbi, yanaimba nyimbo za Kwaresima kwa sauti isiyo ya Kwaresima hata kidogo.

"Afadhali wametangulia," Agape alisema, akifunika kikombe. "Makelele hayo sijui yanahamia wapi."

"Sijui, baba," alijibu Bi Dionisia, safari hii moja kwa moja, kisha akajiwekea dhambi hiyo akaiungame Pasaka.

Pale gatini Kilwa Masoko, Agape alizima gari na kuduwaa. Vitenge vya sare vilijaa toka ofisi ya vibali mpaka majini. Watu wanacheka, wanafungua vyakula vya wasiofunga nyuma ya basi kwa heshima ya waliofunga, wanaitana majina.

"Haiwezekani," alisema. "Mama, tusubiri wapungue."

"Wewe subiri, baba."

Mlango wa nyuma ulishafunguliwa. Rahel alimdaka mkono huu, mwingine asiyemjua akamdaka ule, wakamtia botini, wakamtoa botini, wakampandisha njia ya mawe huku wakibishana nani anambana. Bi Dionisia hakuwa ameshikwa na watu wengi hivyo tangu msiba wa Teofili.

Jumba lile lina milango mingi kuliko alivyodhani. Kwa upenyo wake angeyamaliza majira yote ya mwaka akitafuta. Lakini Rahel alipiga makofi, akasema, "Akina mama, kigae cha buluu, juu ya mlango!" na vitenge vikatawanyika. Mlinzi alilia watu wasiguse kuta. Hawakugusa, walitazama. Kila mlango ulipata jozi zake za macho.

"Buluu!" ilipasuka sauti ya mtu mbali kule. "Mama Rozalia! Njooni naye huku, buluu!"

Wakampandisha juu ya jiwe, wakamwelekeza kidevu kwa mikono yao. Akatafuta, akapoteza, akapata. Ndani ya upenyo, katikati ya chokaa kuukuu, lilikuwapo nusu ua la sahani yake.

Bi Dionisia alilia kwa sauti bila kujificha, na wanawake wakalia naye, hata wasiojua wanalilia nini. "Teofili, mume wangu," alisema, "mwongo nilikuwa mimi. Nisamehe, baba wee." Alikaa pale mpaka alipotosheka, na hakuna aliyemharakisha.

Agape alisubiri wapungue. Walipopungua, ofisi ya vibali ilikuwa imefungwa. Usiku huo Bi Dionisia alilala na akina mama kwenye ukumbi wa kanisa. Agape alilala gesti isiyo na mgeni mwingine.

Kesho yake walirudi pamoja. Ruangwa walisimama kuweka mafuta. Agape alitazama mbele, akashika usukani.

"Palikuwaje, mama?"

Bi Dionisia aligeuza macho yake upande wa sauti.

"Palijaa watu, baba."