Siku Mama Aliporudiwa Katika Kila Maabara

Jana usiku nililala nimenuna, na ndoto ikanikuta hivyo hivyo.

Mama yangu alisahau watu wote miaka yake ya mwisho, lakini siku moja kabla hajafa aliniita kwa jina. Tulikuwa wawili tu chumbani. Dada yangu Tabia, aliyemwuguza mpaka mgongo ukamuuma, hakubali hata kidogo. "Majonzi hayo, Kobelo," huniambia. Jana tuligombana tena kwenye simu.

Basi, ndotoni niko kwenye mkutano wa maabara zetu za ubongo, zile zinazofanya jaribio moja katika nchi nyingi ili tuone kama jibu ni lile lile. Mwenyekiti ni panya, nyaya kichwani.

"Dakta Kobelo," anasema, "lililotokea mara moja ni uvumi. Lazima lirudiwe."

"Mama amefariki."

"Pole sana. Tumeshamsambaza."

Ukuta unageuka dirisha. Kila maabara ina mama yangu: kitanda kile kile, khanga ile ile, uji ule ule wa ulezi. Watu wa makoti meupe wanamwonyesha picha yangu. Huyu nani? Lisboni, kimya. Seoul, kimya. Nairobi, mama anageukia ukutani.

"Halijarudiwa," anasema panya. "Tunalifuta."

Uji bakulini unakohoa. "Kuna kitu hukuwaambia," unasema.

Masikini mimi na usomi wangu! Niliwaeleza joto la chumba, urefu wa kitanda, hata chumvi ya uji. Salamu niliyompa siku ile sikuitaja. Nani hutaja salamu? Na mama, hata alipolisahau jina lake mwenyewe, hakuongea na mtu asiyemwamkia.

Nakimbilia kitanda cha karibu, napiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Kobelo. Mbona umekonda, baba?"

Nalia kama mtoto.

"Shahidi ni yule yule," anasema panya. "Haihesabiki. Lete mwingine."

"Sina mwingine!"

Mama anafifia, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Nikaamshwa na simu. Alikuwa Tabia, ambaye tukigombana hanitafuti wiki nzima.

"Kobelo, panya gani yule mwenye nyaya kichwani? Amenipeleka kwa mama. Nimemwamkia, akaitikia, akaniita Tabia. Nilipokuwa namwuguza niliacha kumwamkia, kaka. Nilidhani hana haja tena."