Vivuli vya Ukuta wa Kushoto

Kila alasiri, kabla ya kufungua mlango wa mbele, Mama Kaunta alipanga glasi, akafuta kaunta, kisha akachukua kitambaa kikavu na kuifuta misumari ya ukuta wa kushoto, mmoja mmoja, isije ikashika kutu. Kutu huchafua kivuli. Na mteja akirudi kwake na kivuli chenye doa jekundu, mkewe atamuuliza maswali ambayo hayahusu kutu.

Baa yenyewe ilikuwa ndogo, chumba kimoja na stoo ya kreti nyuma, na taa moja katikati ya dari. Siku za mwanzo wateja waligombana kila jioni kwa kukanyagiana vivuli. Mtu anainua glasi, mwenzake anasogeza kiti, mara shati limeshikwa shingoni. Ndipo mume wa Mama Kaunta, fundi mwashi, mtu asiyependa makelele, alipokuja na kopo la misumari akaigongomelea ukutani. Akasema anayeingia atundike chake, anayetoka achukue chake. Tangu hapo watu wakakaa bega kwa bega kwa amani.

Ila kulikuwa na siku mtu alizidisha kinywaji akachukua kisicho chake. Fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake mwenyewe, aliwahi kurudi nyumbani na kivuli cha muuza nyama, bwana mwenye kitambi cha haja, na mkewe akamfungia mlango mpaka alipokirudisha. Ndiyo sababu Mama Kaunta alisimama mlangoni watu wakitoka, akimkumbusha kila mmoja: "Kivuli, baba. Kivuli, dada." Yeye mwenyewe hakuwahi kutundika. Alikuwa kazini, na mtu aliye kazini hukaa na kivuli chake.

Vivuli viwili havikuwa na wa kuvichukua.

Kimoja kilikuwa cha mumewe. Jioni moja fundi mwashi alitoka kazini, saruji bado iko kwenye nyusi, akatundika kivuli chake kama mteja yeyote, akaketi, na akaanguka katikati ya kicheko. Watu wakambeba mbiombio kwenda kutafuta gari. Katika purukushani ile hakuna aliyekumbuka kusema "Kivuli, baba," hata Mama Kaunta. Alikata roho njiani. Akazikwa bila kivuli, na siku hiyo jua lilikuwa kali, kila mtu makaburini aliona.

Cha pili kilikuwa cha mzee mwenye nyumba. Yeye aliishi ng'ambo ya barabara, na kwa uvivu wa ukaribu alizoea kukiacha. "Kiache hapohapo, nani atakiiba?" alisema kila mara. Usiku mmoja alilala, asubuhi hakuamka.

Kivuli cha aliye hai ni chepesi, unakitoa msumarini kama nguo iliyokauka kambani. Cha aliyekufa huzama ukutani kama mafuta. Mama Kaunta alijaribu kukitoa cha mumewe, polepole, kwa maji ya uvuguvugu, kwa maneno mazuri, kwa machozi pia. Hakikutoka. Basi akazoea. Akifungua friji humsalimia, akifunga hesabu humuaga. Wapo wajane wenye picha ukutani, na picha haigeuki ukiingia. Kile kiligeuka.

Kila alasiri, jua likipita mlangoni na kufika ukuta wa kushoto, vivuli hivyo viwili vilinyoosha mikono vikashikana. Wateja wote walijua ni nini. Mahali pale palikuwa kiwanja kitupu cha mzee, magugu na makopo. Fundi mwashi ndiye aliyeinua nyumba hiyo kuanzia msingi, kwa matofali yake na mikono yake, bila kudai ujira. Siku alipomaliza kupiga lipu, mzee alimwambia mbele ya watu, "Mkeo atafanyia biashara yake hapa mpaka achoke mwenyewe." Wakapeana mikono palepale, lipu ikiwa bado mbichi. Hawakuandika. Zama zile mtu akikupa mkono, amekupa.

Mzee alipozikwa, mwanawe alikuja na karatasi ya upangaji. Wateja walimwita Mrithi akiwa hayupo, na Bosi akiwepo. "Ni utaratibu tu, mama," alisema, "usiwe na wasiwasi." Mama Kaunta hakuwa na wasiwasi. Mtoto huyo alikuwa akija na baba yake, anakalishwa juu ya kreti na soda yake, na fundi mwashi alimpigia msumari wake wa chini, kimo cha mtoto, ili naye atundike kama wakubwa. Mtu uliyemfuta kamasi, karatasi yake huisomi mara mbili. Akatia sahihi.

Sasa muda wa karatasi ulikuwa unakwisha, na Mrithi alitaka kufungua duka la taa.

Alikuja alasiri moja, watu wamekaa. Hakutundika kivuli. Aliingia nacho, kikalala sakafuni kuanzia mlangoni hadi kwenye kaunta, na wateja wakainua miguu kimyakimya ili wasikikanyage.

"Mama, mwisho wa mwezi nakuja kuchukua funguo," alisema.

"Baba yako alisema mpaka nichoke."

"Baba alisema mengi."

Fundi cherehani aliweka glasi yake chini. "Bosi, geuka uangalie ukutani. Jua ndilo hilo linafika."

Mrithi aligeuka. Vivuli vikanyoosha mikono, vikashikana, vikatikisana taratibu kama siku ile. Aliangalia mpaka mwisho. Kisha macho yake yakashuka kwenye msumari wa chini, yakakaa hapo kidogo.

"Nimeona," alisema. "Sibishi. Huyu ni baba, na yule ni fundi. Lakini kivuli hakitii sahihi."

"Ahadi ni deni," akasema fundi cherehani.

"Basi mdai aliyeahidi. Yuko hapo ukutani."

 Mama Kaunta alipangusa mahali pakavu kwenye kaunta. Baa, moyoni, alikwishaanza kuiaga. Viti vinauzika, glasi zinagawika, na mwanamke aliyeuza bia miaka yote hiyo hakosi pa kushika. Alichoshindwa kukiaga ni kingine.

"Mwanangu, chukua nyumba," alisema. "Mimi nipe mume wangu."

Mrithi alijikuna shingo. Haikuwa kwamba hakumhurumia. "Mchukue, mama, nani amekukataza? Ila akishindikana kutoka, kilichoshika ukutani ni cha nyumba. Ndivyo karatasi inavyosema. Na wewe ulitia sahihi." Akakikusanya kivuli chake, akaondoka.

Kesho yake Mama Kaunta alimwita mwashi mmoja, aliyekuwa msaidizi wa mumewe enzi za ujana na sasa ni fundi anayejitegemea. Alimwomba amkatie kile kipande cha ukuta chenye mumewe, aende nacho hata kwa mkokoteni. Mwashi aligonga ukuta kwa mpini wa nyundo, akasikiliza, akagonga tena juu zaidi. Akapanda ngazi akachungulia darini. Aliposhuka alikaa kwanza kwenye kreti.

"Mama, huu ndio uliobeba paa. Amefunga matofali meno kwa meno, hakuna pa kuingiza patasi. Nikitoa moja, yote yanashuka."

"Hakuna namna?"

"Angejenga ovyo kama sisi wa siku hizi, ningekutolea leo hii." Akaugeukia ukuta. "Shikamoo, fundi," alikiambia kivuli, kisha akakusanya vifaa vyake. Alikataa hata soda.

Siku ya mwisho watu walikuja mapema, jua bado lipo, kwa sababu mwenye kufiwa hangojeshwi mpaka giza. Walikunywa kidogo na kuzungumza kidogo zaidi. Muuza nyama alijaribu kuchekesha, akaishia kupenga kamasi. Ilipofika wakati, Mama Kaunta alisimama mlangoni kama kawaida, akamwambia kila anayetoka, "Kivuli, baba. Kivuli, dada." Kila mmoja alichukua chake na kukikagua vizuri, maana hapatakuwa na mahali pa kukirudisha. Fundi cherehani alikikunja chake mara nne, kama suruali ya mteja, akakitia kwapani.

"Twende nikusindikize," alimwambia.

"Tangulia, shemeji. Nina glasi moja ya kuosha."

Aliiosha. Aliifuta, akaiweka ndani ya boksi pamoja na nyingine. Akazima friji, na ile ngurumo yake iliyozoeleka ikakata, chumba kikawa kipana ghafla. Akavua aproni. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile baa ilipofunguliwa, hakuwa kazini.

Akauendea ukuta wa kushoto. Karibu na msumari wa mumewe palikuwa na msumari mmoja ambao wateja hawakuutumia, si kwa kukatazwa, ni heshima tu. Alikivua kivuli chake kuanzia mabegani, kama mtu anayevua koti la mvua, akakikung'uta vumbi na kukitundika. Kivuli cha mumewe kikasogea kidogo, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Mama Kaunta akalia hapo, kwa sauti, bila kujizuia, mpaka alipotosheka. Kisha akanawa uso kwenye sinki.

Nje, Mrithi alikuwa akimngoja ameegemea gari. Jua la jioni lilikuwa limewarefusha watu wote barabarani isipokuwa Mama Kaunta. Akampa funguo.

"Pole, mama. Kapumzike sasa. Umechoka."

"Sijachoka, mwanangu."

Mrithi alitazama ardhi miguuni pa Mama Kaunta, mahali palipopaswa kuwa na kitu. "Umesahau kivuli chako."

"Sijasahau."

 Mrithi akaangalia saa yake, akaingia kufunga madirisha.

Duka la taa lilifunguliwa baada ya mafundi rangi kupita mara mbili. Ukuta wa kushoto ni mweupe, na vivuli vimetokeza juu ya rangi kama vilivyokuwa, vitatu, cha Mama Kaunta kikiwa bado msumarini, na alasiri viwili hupeana mikono huku cha tatu kikisimama pembeni. Hakuna mteja anayeuliza. Kwenye duka la taa kivuli si kitu cha ajabu. Mrithi amening'iniza makoti ya wafanyakazi kwenye misumari mingine, na ule wa chini ameuacha mtupu. Biashara inamwendea vizuri.

Mama Kaunta anaishi kwa bintiye, anauza nguo za watoto sokoni. Majirani wamekwishamzoea, ila wakati wa adhuhuri wajukuu humsogelea wamkingie jua kwa vivuli vyao vifupi. Mara mojamoja hupanda basi akaenda duka la taa kununua balbu, ingawa nyumbani kwa bintiye hakuna iliyoungua. Huchagua taratibu, anageuza hii, anairudisha ile, mpaka jua lifike ukuta wa kushoto. Muuzaji ni binti mpole, hamharakishi. Jua likishapita Mama Kaunta hulipa, huchukua risiti, na hutoka nje peke yake.