Waya wa Saba

Karakana ile ilikuwa na sheria ambayo hata mfagizi aliijua: hakuna kuingia na viatu, saa wala pete ndani ya nyumba ya kitambaa. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kwenda kujazwa hewa huko angani, wanaanga waishi humo. Kati ya matabaka yake zilipita nyaya nyembamba za kugundua jeraha. Tabaka likichanika, taa ya upande huo huwaka kwenye kompyuta.

Fundi wa nyaya, binti mwenye pete ya uchumba ya wiki mbili, aliona kuivua ni kujitakia mkosi. Akaingia nayo. Kesho yake taa ya saba ikawaka, naye alipotazama kidole akakuta kijiuzi cha njano cha kitambaa kile kimenasa chini ya kijiwe cha pete. Alikichokonoa kwa kucha, kikagoma kutoka. Badala ya kusema, akaandika kwamba waya wa saba ni mbovu, akauzima. Maskini waya, umesema kweli ukaitwa mwongo.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Siku ya majaribio nyumba ilijazwa hewa mbele ya wakubwa, ikasimama ikapendeza, kisha ikaanza kunywea upande wa saba. Mkuu akauliza mshono wa pale ni wa nani. Ulikuwa wa shangazi yake binti, mshonaji wa miaka ishirini, ndiye aliyemwombea kazi. Shangazi akajibu kwamba huenda macho yake yamechoka. Mkuu akamwambia basi akapumzike nyumbani, kesho asije.

Binti alisimama palepale, mkono mfukoni, masikio yakiwaka kwa aibu. 

Alimkuta shangazi chumba cha kubadilishia nguo, anafungasha sindano zake. Shangazi akamshika mkono, akakitoa kile kijiuzi kwa ncha ya sindano, akamwekea kiganjani.

"Nilikiona jana ulipokuwa unanipakulia chakula," akasema taratibu. "Nikajua mwanangu mwenyewe atasema."

Akaendelea kufungasha. Binti alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, kwa hiyo akarudi kwa miguu yake mpaka ofisini, akabisha hodi, akaweka pete na kijiuzi juu ya meza ya mkuu.

"Waya wa saba ni mzima," akasema. "Mbovu ni mimi."