Hedifoni Kwenye Banda la Majani Chai

Asubuhi ya baraza nilimkuta mume wangu Kiplangat mezani, bisibisi mkononi, hedifoni yake imelala mbele yake kama kuku anayesubiri kunyonyolewa.

"Narudisha vile ilitoka kiwanda," alisema bila kunitazama.

Nilimnyang'anya bisibisi. Mimi, Tecla, ambaye tangu mvua ya El Nino ianze nilikuwa nikimwimbia kila siku airudishe jinsi ilivyotoka kiwandani, nilificha bisibisi nyuma ya mgongo wangu na kumwambia asiiguse.

"Baba Nelvine, ukirudisha leo, wazee wa baraza wakitaka kuijaribu watasikia nduru vizuri kabisa. Basi watasema hata wewe ulisikia. Itakuwa imeisha hapo."

"Na nikiacha, wataifungua waone putty, ile ya kubandikia vioo, niliyojaza. Watasema niliziba masikio makusudi."

Alisema kweli. Tulikuwa tumebanwa huku na huku, na saa ya kwenda ilikuwa inakaribia.

Hedifoni hiyo aliletewa na mdogo wake, mkimbiaji, aliporudi kutoka mbio za Ujerumani. Si zile za waya mwembamba ambazo vijana huvaa stendi ya Sotik. Hii ilikuwa kubwa, nzito, ina vikombe viwili vilivyozibwa kwa nyuma, vinavyomeza sikio lote. Kiplangat ndiye mwalimu wa kwaya kanisani kwetu. Katika kwaya nzima, akiteleza mmoja kwenye sauti ya tatu, yeye humjua kwa jina. Mtu wa namna hiyo ukimpa chombo kama kile umempoteza. Jioni baada ya kukamua alikuwa anachomeka kwenye redio ya kaseti, anakaa, anafumba macho. Sikulalamika sana wakati huo, maana nikimwita kutoka zizini alikuwa anaitika.

Kisha mvua ikaja. Ninyi mnaokaa chini ya vigae hamjui mvua ya kwetu juu ya mabati. Kila alasiri ilipiga ngoma yake, ikapenya hadi ndani ya hedifoni, na Kiplangat akawa anateseka kama mtu aliyetiwa mchanga kwenye ugali. Akaamua kuitengeneza upya.

Aliipeleka Chepilat, soko la mpakani, kwa rafiki yake Bosire, fundi wa redio. Bosire ni Mkisii, wa kabila la upande wa pili wa mpaka ambalo huibiana ng'ombe na letu, lakini kwa miaka mingi urafiki wao haukumsumbua mtu. Nilikuwepo siku hiyo, nilikuwa nimeenda sokoni. Bosire aliifungua, akachungulia ndani, akaifunga tena.

"Mwalimu, hii wacha. Watu walioitengeneza walipima. Hiyo nafasi iko ndani si ya bure, hiyo hewa ndio inapiga besi. Ukijaza, sauti itakuwa ya mtu ana mafua."

"Weka putty pande zote, halafu manyoya ya kondoo," Kiplangat alisema. "Na hii sponji ya masikio utoe. Nimeshonesha ingine kwa fundi wa viatu." Akatoa mfukoni matakia mawili manene ya ngozi ya ndama.

"Utaharibu kitu mzuri."

"Ni yangu."

Bosire alitikisa kichwa, akaifanya kazi. Na kusema ukweli sauti haikuwa na mafua. Kiplangat alinivalisha mara moja, nikasikia kwaya yetu kana kwamba nimeketi katikati yake, hata pumzi za waimbaji nilizisikia. Nilipoivua nilimkuta amesimama nyuma yangu anacheka. Alikuwa amepiga sufuria kwa mwiko muda wote huo na sikusikia chochote. Yeye aliona ni ushindi. Mimi niliogopa.

"Irudishe," nilimwambia. "Mtu wa boma hafungi masikio."

"Mama Nelvine, wewe ukinunua kibuyu sokoni, unaweka maziwa hivyo hivyo? Si unachoma mkaa kwanza, unasugua, mpaka ikubali maziwa ya nyumba yako?"

"Kibuyu hakizibi masikio."

Alicheka tu. Ndiyo ilivyo kuolewa na mtu mwenye jibu la kila kitu.

Siku ya wizi mvua ilikuwa imekatika. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya banda la majani chai, nasubiri majani yangu yapimwe. Wezi wa ng'ombe waliingia kwa Chepchumba, jirani yetu. Kati ya boma lake na letu ni ua wa kayaba tu, kuku wanapita. Mume wake hufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Kericho, kwa hiyo Chepchumba alikuwa peke yake. Alipowaona wakifungua zizi alipiga nduru.

Huku kwetu mpakani nduru si sauti ya kufikiria mara mbili. Mwanamume akiisikia, anachukua rungu na kukimbia, hata kama ameketi na kijiko mdomoni. Asiyetoka huhesabiwa pamoja na waliokuja kuiba. Nasi tulisikia kule bandani, tukaacha vikapu tukakimbia. Watu wa ng'ambo ya mto walisikia, wakaja. Lakini wote tulikuwa mbali. Aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu.

Tulimkuta Chepchumba kwenye tope, mkono umevunjwa kwa rungu, zizi tupu. Mimi sikusimama. Nilipita kwenye ua nikiamini nitamkuta mume wangu amekufa, maana ni nini kingine kingemzuia asitoke? Nikamkuta kitini, hedifoni kichwani, macho yamefumbwa, kidole kimoja kinaongoza kwaya hewani. Nilimshukuru Mungu yu hai. Kisha nilitamani kumpiga kofi.

Nilipomvua na kumwambia, alitoka mbio bila viatu. Alimbeba Chepchumba mgongoni hadi barabarani, akampeleka hospitali. Lakini watu walikuwa wameshaona kwamba alitoka nyumbani mwake akiwa msafi, na wao wamejaa tope miguuni.

Maneno yakaanza. Sigei, shemeji yake Chepchumba, ndiye aliyeyapeleka boma kwa boma: Kiplangat ana rafiki Chepilat, ng'ombe wameelekea Chepilat, wewe jumlisha. Kwamba hakuna aliyejua ng'ombe walielekea wapi halikumzuia. Bosire akatuma salamu kwamba angekuja kututolea ushahidi, lakini kwa jinsi hasira zilivyokuwa, kumwita avuke kungekuwa kumwita afe. Ndipo kokwet, baraza la majirani, ikaitwa. Sigei alitaka tufukuzwe, au tukibaki tupewe mgongo: asituchumie mtu chai, asituazime moto, asituzikie maiti.

Basi tulikwenda, na hedifoni tukaibeba jinsi ilivyokuwa, na putty yake, pamoja na redio ya kaseti.

Baraza lilikutana kwenye banda la kununulia majani, maana ndipo penye paa na benchi. Mzee Kipkirui, mwenyekiti, aliketi karibu na mizani. Alikuwa askari zamani na bado anajivunia masikio yake. Chepchumba alikaa mbele, mkono kwenye plasta. Sikuweza kumtazama.

"Sikusikia," Kiplangat alisema. "Nilikuwa na hii kichwani. Hakuna ingine naweza kusema."

"Mwongo!" Sigei aliruka. "Mimi nilikuwa ng'ambo ya mto nikasikia. Yeye kuku yake inalala kwa Chepchumba, hakusikia? Leta hapa!" Aliichukua hedifoni, akachomoa takia moja, akatia kidole ndani. Kidole kikatoka na manyoya. "Oneni! Amejaza masikio yake manyoya ya kondoo! Nani anafanya hivyo kama si mtu anajua kitu inakuja?"

Watu walinguruma. Nilisimama hata kabla ya kupewa ruhusa.

"Alijaza kwa sababu ya mvua! Mimi nilimkataza. Mimi na yule fundi tulimkataza. Mume wangu ni kichwa ngumu, hiyo naapa hapa mbele yenu. Lakini hakuuza mtu."

Mzee Kipkirui aliinua mkono. "Hiyo ya kwa nini, tutafika. Kwanza tujue kama mtu anaweza kukosa kusikia. Nitavaa mimi. Mtu apige nduru pale nyuma ya chai, karibu kama kwa Chepchumba na kwa Kiplangat."

Wanawake waliangaliana. Hakuna mwanamke wa kwetu anayepiga nduru ya mchezo. Ukiipiga bure, siku utakapoihitaji haitakuja. Niliona vichwa vinainama kimoja kimoja. Nikafikiri basi, tumekwisha, kwa kukosa mtu wa kupiga kelele.

Chepchumba akasimama. "Nitapiga mimi," alisema. "Yangu si ya mchezo. Yangu haijajibiwa bado."

Aliondoka na wanawake wawili, wakazunguka nyuma ya chai. Kiplangat alirudisha takia, akachomeka waya kwenye redio ya kaseti, akamvalisha mzee.

"Sauti ilikuwa ngapi siku hiyo?" mzee aliuliza.

Niliomba kimoyomoyo aseme ilikuwa mwisho. Nani angejua?

"Nusu," alisema Kiplangat.

"Weka nusu."

Nilitaka kumnyonga. Aliweka nusu, akabonyeza kitufe, akarudi nyuma akasimama karibu nami.

Tulingoja. Mzee alikaa wima, uso umekazwa, macho kwenye kilima.

Kisha nduru ikaja. Nimesikia nduru nyingi, lakini ile ilinipanda kwenye uti wa mgongo. Ilianza chini, ikapanda, ikakatika, ikaanza tena, na haikuwa ya kujaribia chochote. Mbwa wa boma zote walilipuka. Mtoto mmoja akaanza kulia. Wanaume waliokuwa bandani waliinuka nusu, bila kutaka, mikono ikitafuta rungu.

Mzee Kipkirui hakutikisika. Macho yake yalikuwa yamelegea. Mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu, taratibu, kwa mwendo wa wimbo. Akatabasamu.

Chepchumba aliendelea. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nasema kweli, niliona tumeokoka. Nilimshika Kiplangat mkono ili tufurahi pamoja, nikamtazama. Hakuwa na furaha. Alikuwa anamtazama yule mzee akitabasamu, na machozi yanamtiririka.

Hakuna aliyekuwa amewaonya watu wa ng'ambo. Tuliwaona wakitokea ukingoni mwa chai, mmoja mmoja, kisha kundi, wamelowa hadi kiunoni kwa maji ya mto, marungu juu, wanatweta. Walisimama mbele ya banda wakituangalia tulivyoketi. Nyuma yao akaja Chepchumba mwenyewe, sauti imemkauka, akasimama mlangoni. Mzee bado alikuwa anagonga mguu.

Sigei ndiye aliyemgusa bega. Mzee aliivua hedifoni, akawaona wale watu wenye marungu, akashangaa.

"Hawa wametoka wapi?" aliuliza. "Mbona Chepchumba hajaanza?"

Hakuna aliyecheka. Sigei aliketi chini, akatazama viatu vyake.

Mzee alipoelezwa alisema Kiplangat hakuuza mtu, na atakayerudia neno hilo atajibu mbele yake. Wazee wakaitikia. Tulikuwa tumeshinda. Nikaanza kushukuru mmoja baada ya mwingine.

Kiplangat alimwendea Chepchumba. Chepchumba alimtazama, si kwa hasira. Ningependelea hasira.

"Siku zote hizi nilidhani ulinisikia ukaogopa," alisema kwa ile sauti iliyokauka. "Uoga ni wa kila mtu, Kiplangat, si kujiziba masikio. Nilikuwa nimeanza kukusamehe."